Uzi wa Dimba la Kati

Pasi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizopiga Lutengano Mwasile msimu ule, na haikuwa na wa kuipokea.

Mpira ulimfikia akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, beki wao kamganda kama kupe. Lute hakugeuka wala kuchungulia. Aliusukuma kwa kisigino upande wa kushoto, ukapenya katikati ya watu wawili, ukaenda taratibu mpaka pale ambapo kiungo mwenzake alipaswa kuwa anachomoka. Pale palikuwa na majani tu. Winga wa wapinzani akauokota, akakimbia nao peke yake, akafunga. Umalila FC wakalala bao moja kwa bila, nyumbani kwao Mbeya, mbele ya mashabiki wao wenyewe.

"Kauza!" mtu mmoja akapiga yowe.

Basi yakaanza. Kauza, kauza, jukwaa zima la jezi za kijani likasimama kumnyooshea vidole. Na mji huu ukishakuita muuza mechi, ndugu yangu, hama. Hata mama wa nyanya sokoni atakuambia zimeisha na huku unaziona.

Lute alibaki kasimama dimba la kati, mikono kiunoni, akiyatazama yale majani. Alijua fika alichofanya. Alikuwa amempasia Zabron Nzowa. Na Zabron hakuwa uwanjani, alikuwa nyumbani kwake Isanga, alikopaswa kuwa amefungwa kwa khanga kwenye kiti.

*

Wasiofuatilia mpira wanadhani uzi ni waya. Si waya. Ni punje mbili ndogo kama mbegu za ulezi, kila mchezaji anapachikwa moja kwenye mfupa nyuma ya sikio. Punje inapima kichwa cha mwenye nayo kinavyoinama, kinavyogeuka na kinavyochomoka, kisha inampelekea mwenzake habari hiyo. Haibebi maneno. Haibebi mawazo, ingawa vijana wa vijiweni watakuapia kwamba inabeba. Hata umbali haiujui. Kinachokuja ni kule kujua tu, kama unavyojua mkono wako ulipo umeme ukikatika. Ligi inaruhusu jozi moja kwa kila timu, tena viungo peke yao, na kichwa cha mtu kinamudu uzi mmoja tu.

Lute alifungwa uzi na Zabron akiwa bado mgeni, katoka Rungwe na begi la mgongoni na mdomo mzito. Zabron alikuwa nahodha. Mwanzoni Lute alikuwa akitapika kila baada ya mazoezi, maana si mchezo kuhisi mtu mwingine anageuka ndani ya kichwa chako. Baadaye akazoea, na wakacheza mpira ambao watu walikuja kuutazama kutoka Iringa na Sumbawanga. Hawakuwa wakitafutana kwa macho. Zabron akichomoka, mpira ulikuwa umeshaondoka mguuni mwa Lute.

Halafu siku moja Zabron aliruka kupiga kichwa, kipa naye akaruka, na wote wawili wakagonga nguzo ya goli. Kipa aliamka. Zabron alipoamka, ile mirija midogo ya ndani ya masikio, inayomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi, ilikuwa imekufa pande zote mbili. Anasikia vizuri, anaona vizuri, akili timamu. Lakini kitanda kwake kilikuwa kinapinduka mchana na usiku, akawa anashika godoro kama mtu anayening'inia. Madaktari wakasema huyu hatasimama tena.

Aliyegundua jambo ni Mwantumu Kheri, fundi wa uzi wa klabu. Alikwenda wodini kuikagua punje kabla ya kuizima moja kwa moja, na ili aikague ilimbidi auwashe uzi. Lute alikuwa kasimama pale pembeni, kaja kumwona mgonjwa na maji ya matunda. Zabron akaachia godoro. Akakaa. Akamtazama Lute huku machozi yanamtoka.

"Nimepata juu," alisema. "Lute, nimepata juu ni wapi!"

Alikuwa akiazima wima wa mwenzake. Kwa nini punje isimwambie Zabron habari za kichwa chake mwenyewe? Hata Mwantumu aliiuliza hivyo kampuni inayozitengeneza. Ikajibu kwa adabu kabisa kwamba wateja wake ni vilabu, siyo wagonjwa. Ndiyo dunia yetu hiyo.

Basi Mwantumu akaupitisha uzi kimyakimya kwenye minara ya simu, kinyume na sheria za ligi, na Zabron akarudi nyumbani kwa miguu yake. Tangu siku ile Lute hakuwa tena na mwili wa peke yake. Alilala Zabron anapolala, akaamka Zabron anapoamka, maana Lute akijinyoosha kitandani wakati Zabron yuko kwenye ngazi, Zabron anakwenda chini mzimamzima. Kabla ya kulala chali kunyoosha misuli alipiga simu kwanza: "Kaka, umekaa?" "Nimekaa." Ndipo alale. Mchumba wake alivumilia, akavumilia, mwisho akasema hawezi kuolewa na wanaume wawili, akaenda zake Songwe. Hakukosea.

Siku za mechi walikuwa wakiuzima uzi, Zabron akatulia kitini mpaka kipenga cha mwisho. Jumapili moja alijisahau, akasimama kwenda kuchukua maji, akaangukia jiko la mkaa. Mkono wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Lute alipouona mkono ule aliapa kwamba uzi hauzimwi tena, mechi isiwe mechi. Ndipo Tusekile, mke wa Zabron, akaanza kumfunga mumewe kwa khanga kwenye kiti, kwa sababu kila Lute alipokwatuliwa uwanjani, Zabron naye alikuwa anapinduka Isanga.

Lakini utamfungaje kiungo mpira ukichezwa kichwani mwake? Siku ya pasi ile khanga ilikuwa imelegea. Zabron alisimama, akajiachia uani, akachomoka kushoto kandokando ya ukuta kama zamani. Lute akamhisi. Mguu haukumuuliza mtu.

*

"Kata huo uzi," alisema Kocha Sanga.

Walikuwa watatu kwenye chumba cha Mwantumu, ng'ambo ya barabara mkabala na uwanja, chumba chenye kiti kimoja cha kulaza mtu kama cha daktari wa meno. Kocha alikuwa ameshaambiwa yote na alikuwa akizunguka chumba kizima kwa hasira.

"Nimeshamleta Chanda kutoka Ndola, kiungo wa maana kabisa, anakaa bila uzi kwa sababu yako. Jumamosi mteuzi wa timu ya taifa anakuja. Anakuja kwa ajili yako, Lute! Miaka yako imekwenda, hatakuja tena. Ufungwe uzi na Chanda, ucheze, uvae jezi ya nchi. Ama endelea kumpasia mtu aliyeko Isanga."

"Nikikata, unaweza kunifunga tena na Zabron baadaye?" Lute alimuuliza Mwantumu, ingawa jibu alilijua.

"Hapana. Upande wowote ukikatwa, nyama inajifunga kovu. Naweza kumfunga kila mmoja na mtu mwingine, lakini nyie wawili hamrudiani."

"Zabron atafungwa na nani, sasa?"

Mwantumu akatazama dirishani. "Nani atakubali kulala na kuamka kwa saa za mtu mwingine, Lute? Nimeuliza. Nimeuliza sana."

"Basi sikati."

Kocha akasimama. Alikuwa amezeeka ghafla. "Mdogo wangu, nisikilize. Ukipiga pasi nyingine kama ile, kamati itakuita kwa kuuza mechi. Na mimi siwezi kukutetea. Nikisema kweli, kwamba una uzi na mtu wa nje ya uwanja, tunanyang'anywa pointi zote na wewe unafungiwa maisha. Nikinyamaza, unafungiwa maisha vilevile."

"Nitacheza Jumamosi," alisema Lute. "Nitacheza nao hivyohivyo, na sitakosea."

Na alikuwa anaamini. Tatizo la watu wapole ndilo hilo, wakiamua jambo hawashauriani na mtu.

*

Jioni yake alikwenda Isanga kula, kama kawaida. Zabron alikuwa kakaa mezani, kanyooka, ndevu kazichonga vizuri, anamenya kiazi cha moto huku akikirusha mkono huu na huu.

"Ile pasi," alisema, "ulinipa mimi."

"Niliteleza, Kaka."

"Mimi sikuulizi. Nakuambia. Nilikuwa nimekaa vizuri sana pale." Akacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Wanasemaje mjini?"

"Watu hawaishi maneno."

"Mteuzi anakuja Jumamosi, nimesikia redioni."

"Anakuja."

"Mimi sikuwahi kutazamwa," alisema Zabron. "Nilikuwa na bahati mbaya, kila wakija nimeteguka enka. Wewe enka zako nzima."

Lute akajibu kwa kuongeza chumvi kwenye kiazi. Walikuwa wamekaa miaka kadhaa kila mmoja akijua mwenzake kainamia upande gani, na sasa hakuna aliyejua mwenzake anawaza nini.

Tusekile alimsindikiza mpaka getini. Mama huyu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno, na siku hiyo alikuwa na mengi.

"Shemeji, Mwantumu ameniambia. Unakata au hukati?"

"Sikati."

"Umeamua."

"Nimeamua, Shemeji. Usiwe na wasiwasi."

"Nani kakuambia nina wasiwasi?" Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa kumwogopa aliye ndani. "Umeamua wewe. Kocha kaamua lake, Mwantumu kaamua lake. Kuna mtu amemuuliza Zabron? Mwanamume mzima, ana akili zake, mnampanga kama kabati. Na mimi ndiye ninayemwokota. Hamjaniuliza hata mimi!"

Lute akashindwa pa kutazama. "Shemeji, nikimuuliza atasema nikate."

"Ndiyo maana hutaki kumuuliza."

Na kweli ndiyo hiyo. Alimuaga, akateremka kilima cha Isanga, na njia nzima alimhisi Zabron kakaa palepale mezani, kichwa kimeinama.

*

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda nguzo za taa. Baridi ya Mbeya ilikuwa inashuka na ukungu wake, na Lute alipotokea wengine walizomea, wengine wakasubiri. Alipigiwa makofi na mtu mmoja tu, mzee wa kuuza karanga, naye alizomewa.

Mechi ikaanza, na jamani, Lute alicheza! Sijui niseme nini. Alikuwa anapokea, anageuka, anatoa, kila kitu kwa mguso mmoja. Safari hii kila pasi aliitazama kwa macho kabla ya kuipiga, akiupuuza uzi wake kwa nguvu zote, kazi ngumu kama kuandika kwa mkono wa pili. Alimpenyezea Chanda mpira, Chanda akafunga. Jukwaa likanyamaza kwanza, kama watu wanaoona haya, kisha likalipuka. Kule juu, mteuzi wa timu ya taifa alisimama kwenye kiti chake. Lute alimwona. Ikampitia akilini kwamba inawezekana, kwamba ataweza vyote viwili, jezi ya nchi na Zabron wima.

Kipindi cha pili kilipoanza alihisi kitu kigeni. Zabron alikuwa anatikiswa. Kuteremka, kukata kona, kuruka kwenye mashimo, kama mtu aliye ndani ya bajaji. Zabron hajawahi kutoka nyumbani siku ya mechi. Lute akapoteza mpira, akaurudisha kwa kuteleza chini, akainuka haraka kwa kumwonea huruma aliyepinduka naye. Mtikisiko ukakoma. Zabron akabebwa. Akakaa. Kisha, taratibu sana, akalala chali.

Mpira ukichezwa Zabron halali. Hajawahi, hata siku za homa.

"Lute, nyuma!" Chanda akapaza sauti.

Aligeuka, akaupata mpira, akainua macho atafute mtu wa kumpa. Na hapo uzi ukazima.

Haukukatika kama kitu kinachouma. Ulinyamaza tu. Upande wote wa kushoto wa dunia, uliokuwa na mtu tangu ujana wake, ukabaki mtupu. Lute aliita jina la Zabron kwa sauti, katikati ya uwanja, watu wote wanasikia.

Amekufa, aliwaza. Kaka amekufa.

Aliuacha mpira ulipo. Akakimbia. Kwanza watu walidhani anamfuata mwamuzi, halafu wakadhani kaumia, halafu wakaona anauvuka mstari wa pembeni, anapita benchi la timu yake, anampita Kocha Sanga aliyekuwa anapiga kelele "Rudi! Wewe, rudi!", anaingia kwenye njia ya kutokea. Mchezaji akiondoka uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi huko ni kuitelekeza mechi, na kwa mtu aliyekwisha kuitwa muuza mechi hakuna maelezo yanayosaidia. Lute aliijua sheria hiyo vizuri. Haikumjia hata kidogo. Alichotaka ni kumfikia Mwantumu, mwenye mitambo ya kusoma punje, amwambie yuko hai au hayuko.

Alivuka barabara na njumu zake zikigonga lami, akausukuma mlango wa kile chumba.

Zabron alikuwa kalala kwenye kile kiti, kafumba macho, mikono yote miwili imeng'ang'ania vyuma vya pembeni. Nyuma ya sikio kulikuwa na plasta mpya. Tusekile alikuwa kamshika kichwa. Mwantumu alikuwa ukutani, glavu bado mikononi, analia. Na redio ilikuwa inasema, mtangazaji kapandwa na jazba: "...simwoni, simwoni Mwasile, wasikilizaji, Mwasile ameondoka uwanjani! Haya ni maajabu! Watu wanasema kauza, na mimi leo siwezi kuwabishia..."

"Nani huyo kaingia?" Zabron aliuliza, macho kayafumba vilevile.

"Ni mimi, Kaka," alisema Lute.

Zabron alifumbua macho, dunia ikampindua, akayafumba tena upesi. "Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Wewe uko uwanjani. Nilichagua leo makusudi. Siku nyingine yoyote ungenihisi natoka nyumbani, ungekuja kunizuia. Nikasema saa za mechi ndizo asizoweza kunifuata." Pumzi zilikuwa zinamkatika. "Kipindi cha pili ufungwe na Chanda... la, baada ya mechi, Mwantumu kasema baada ya mechi. Unakwenda timu ya taifa. Rudi, Lute. Bado kuna dakika."

"Nilidhani umekufa."

"Mimi? Nife na nini?"

"Ulilala chali. Halafu ukanyamaza."

Zabron alikuwa nahodha kwa muda mrefu, na sheria za mpira alizijua kuliko waamuzi wengine.

"Uliomba ruhusa kutoka?" aliuliza polepole.

"Sikuomba."

Tusekile akainuka, akaizima redio. Zabron alianza kulia, mtu mzima, kwa sauti, bila kuweza hata kuuachia mkono mmoja ajifute uso, kwa sababu angeuachia angeanguka. Lute alipiga magoti, akamfuta yeye, kwa jezi ya kijani iliyojaa tope.

"Nimefanya nini mimi," Zabron alisema. "Lute, nimekufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu. Ungeniambia tu, Kaka."

"Wewe ungeniambia?"

Nje, uwanja ulipiga yowe refu la watu waliofungwa bao.

"Dada Mwantumu," alisema Lute, "jaribu kutufunga tena. Jaribu hata mara moja."

Mwantumu alitikisa kichwa. Alikuwa ameshawaeleza wote, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walikuwa wameelewa.

Hawakungoja mechi iishe, maana mechi ikiisha barabara ile ingejaa. Bajaji iliyowaleta ilikuwa imekwenda zake, dereva kasikia redio na kukimbilia uwanjani kuona kituko. Lute alichuchumaa, Tusekile akamsaidia kumpandisha Zabron mgongoni, wakatoka. Zabron alimkaba shingo kwa hofu ya wazi kabisa, maana kwake yeye lami ilikuwa inasimama kama ukuta na anga ilikuwa chini ya miguu.

"Usiniachie."

"Nimekushika."

"Naanguka, Lute. Naanguka."

"Huanguki. Niko hapa. Sasa tunavuka barabara, sawa?"

"Haya."

"Hapa kuna mtaro, naruka kidogo."

"Haya."

"Tunakata kushoto."

Nyuma yao Tusekile alitembea na khanga yake mkononi, na Lute aliendelea kumwambia Zabron kila kitu, jiwe, tuta, kona, mlima, hatua kwa hatua, mpaka sauti ikamkauka, mpaka Isanga.